Herufi ya Nne

Saa kumi na moja alfajiri, mnada haujaanza,
makreti ya dagaa bado yananing'inia kwenye winchi,
na mvua ya Galisia, ile isiyojua kuaga,
inaandika juu ya gati kisha inajifuta.
Mimi Hermelinda, mwosha sakafu wa soko la samaki,
buti hadi magotini, mpira wa maji begani,
nikamwona juu ya nguzo ya kufungia meli:
shakwe, mguu mmoja kaukunja tumboni,
wa pili umevaa pete nyeusi.

Nikasoma kutoka chini kwenda juu,
kama alivyonifunza Brais, kijana wa chuo
aliyepita hapa Novemba na darubini ya kuazima.
"Chini kwenda juu, mama. Usisahau rangi.
Na mguu upi: wa kulia wake,
si wa kulia wako."
Saba.
T.
K.
Ya nne ilikuwa chini ya gamba la dagaa,
gamba moja tu, la samaki wetu wenyewe,
limeng'ang'ania pale kama muhuri wa serikali.

Nikamtupia kichwa cha dagaa ili ageuke.
Akala bila kugeuka.
Nikamtupia cha pili. Ourelio wa mizani
akapaza ile sauti yake ya kuuzia:
"Hermelinda! Unamhonga ndege?"
Ndiyo, namhonga.
Wapo waliohongwa kwa vinono zaidi mjini hapa
na hawakutamka hata herufi tatu.

Kisha gari la kunyanyulia mizigo likapiga honi,
na nguzo ikabaki nguzo.

Usiku, mezani, nikajaza kadi.
Tarehe. Saa. Bandari. Mguu wa kulia (wake).
Kwenye kisanduku cha nne kalamu ikagoma.
Ingeweza kuwa P. Ingeweza kuwa B.
Mimi nilitaka iwe R.
Sina sababu ya kisayansi; nilimzika mume
ambaye jina lake lilianza hivyo,
na jicho la mjane lina alfabeti yake.
Nani angejua? Kijistari kimoja cha mshazari
na P inaota mguu.

Lakini Brais alisema, akiwa anafuta vioo vya darubini
kwa ncha ya shati:
"Usikisie, mama. Ndege wa uongo
akishaingia daftarini, hafi."

Nikachora kistari. Kifupi, kama unyoya wa kidevuni.

Jibu lilikuja Kwaresima imeshaanza.
Wanaolingana na kistari changu ni kumi na mmoja.
Mmoja alianguliwa juu ya paa la shule, kaskazini.
Mmoja aliogeshwa mafuta ya meli na watoto
kwa sabuni ya vyombo, mara nne, akiwauma.
Mmoja alinaswa kwenye ndoana mwaka juzi; huyo tumtoe.
Mmoja hajaonekana tangu akiwa kinda la kijivu,
na mama aliyemvisha pete amestaafu,
ila kila Januari hupiga simu kuuliza.
Wengine, nukta mbili tatu kwenye ramani,
na katikati ya nukta, bahari,
ambayo haijazi kadi ya mtu.

Sasa naosha sakafu nikiwa na ndege kumi.
Wote wanasimama juu ya nguzo ile ile,
wote wananipa ubavu.

Leo Ourelio amenifuata na karatasi ya mizani,
ile ya kuandikia kilo na bei,
akanisukumia mkononi kama mtu anayelipa deni
asilotaka lishuhudiwe.
Kwa penseli: saba, T, K.
Wa kulia. Wake.
"Manyoya ya tumbo yalifunika," akasema, akaondoka.
Mahali pa nne ameweka kistari,
kirefu kuliko changu mara mbili.
Ourelio hajawahi kupima kitu
bila kuongeza kidole.